Lord Delamere na ngano ya Njoro: gunia la ziada linapoangusha bei

Kila mwaka kombaini zinapoingia mashambani Narok, Nakuru na Uasin Gishu, mabishano yale yale huanza upya. Mkulima analalamika kwamba ngano iliyoletwa kwa meli imeshusha bei ya gunia lake. Mwenye kinu anajibu kwamba ngano ya nyumbani ni kidogo mno, na meli zisipotia nanga Mombasa mashine zake zitasimama. Serikali inakaa katikati na kupanga ushuru. Mpika chapati wa kando ya barabara haulizwi na mtu, ingawa yeye na wateja wake ndio wanaolipa.

Mabishano hayo yana umri wa karibu miaka 100 sasa, na mmoja wa watu walioyaanzisha ni Hugh Cholmondeley, Baron wa tatu wa Delamere. Wengi wanamjua kwa jina la Lord Delamere. Ukilitaja jina hilo Kenya, watu hufikiria ardhi, na wana haki kufikiria hivyo. Lakini maisha yake yanaeleza pia jambo ambalo mkulima yeyote mwenye mazao ya kuuza hulikuta mapema au baadaye: jinsi mazao yanavyoweza kuwa machache na bei ikawa nzuri, halafu yakazidi kidogo tu na bei ikaanguka kama jiwe kisimani.

Kijana tajiri mwenye mguu mbovu

Alizaliwa Aprili 28, 1870, katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 1887, na kijana wa miaka 17 akarithi cheo, jumba la Vale Royal na mashamba ya ukoo. Masomo hayakumvutia. Alipenda farasi na bunduki, na mwaka 1891 alikwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba. Akarudi huko tena na tena. Mwaka 1894 simba alimkamata na kumjeruhi vibaya mguuni, na aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia mnyama yule. Delamere alichechemea maisha yake yote.

Mwaka 1897 msafara wake ulivuka majangwa ya kaskazini ukatokea Laikipia. Baada ya miezi ya vumbi na maji ya chumvi, aliona majani mabichi, mito isiyokauka na asubuhi zenye baridi kama za kwao. Hakuisahau sura hiyo. Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, na miaka michache baadaye wakahamia Afrika Mashariki moja kwa moja.

Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Viktoria, Desemba 1901. Ilikuwa imekula fedha nyingi za Uingereza, na mabehewa yalirudi pwani yakiwa karibu matupu. Serikali ikaona dawa ni kuwaleta wakulima wa Kizungu nyanda za juu, walime mazao ya kuuza ili reli ipate mizigo. Ndivyo Delamere alivyopewa, baada ya maombi ya mwaka 1903, ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na sharti lilikuwa kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya mwanzo. Shamba akaliita Equator Ranch, kwa kuwa mstari wa ikweta unapita jirani.

Mkataba wa kuwaondoa Wamaasai kutoka Bonde la Ufa ulitiwa sahihi mwaka 1904. Sehemu yao ilihamishiwa Laikipia, na mkataba mwingine wa mwaka 1911 ukawatoa huko pia na kuwasukuma kusini. Delamere aliwapenda Wamaasai, alijifunza kuongea nao kwa lugha yao, aliwaajiri kuchunga mifugo yake, na mara nyingi alikaa nao usiku kucha akisikiliza habari za ng'ombe. Urafiki huo haukuwarudishia hata ekari moja. Mwaka 1906 yeye mwenyewe aliongeza shamba lingine kubwa, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita.

Kondoo wafa, ng'ombe wafa

Alianza na mifugo. Alileta kondoo wa New Zealand awachanganye na kondoo wa Kimaasai, na wengi wa wageni hao wakafa muda mfupi baada ya kufika. Alileta madume ya ng'ombe kutoka Ulaya, nao wakaangushwa na homa ya mapafu na magonjwa ya kupe. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa Njoro ulikosa madini ambayo mnyama anayahitaji, hivyo ng'ombe alikonda huku amesimama kwenye nyasi zinazomfika tumboni. Wamaasai hawakuwa na maabara, lakini mifugo yao hawakuiacha ikae sana sehemu zile. Hakuna aliyewauliza.

Fedha zikapungua. Shamba la ukoo kule Cheshire likawekwa rehani. Ndipo Delamere alipoigeukia ngano, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga. Jina alilolichagua ni la Kiswahili, Unga, neno ambalo kila mpishi wa Mombasa hadi Kisumu alilielewa bila kufafanuliwa. Kampuni hiyo ipo mpaka leo.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wakati huo unga wa ngano uliletwa kwa meli, ukiwemo wa India, ukashushwa Mombasa, ukapandishwa garimoshi maili mia tatu na zaidi hadi Nairobi. Kila hatua iliongeza bei. Anayelima ngano Njoro na kuisaga huku huku hana nauli ya bahari na ana nauli kidogo ya reli. Tofauti hiyo ni faida yake.

Kilichokosekana katika hesabu ni kutu.

Mwaka 1909 alikuwa na ekari 1,200 za ngano, na matumaini yake yote ya fedha yalikuwa humo. Kutu ya ngano ni ugonjwa wa ukungu. Huanza kama madoa ya rangi ya chungwa au hudhurungi kwenye majani na shina, halafu madoa hupasuka na kutoa vumbi jepesi linalobebwa na upepo. Ngano iliyoshikwa hutoa punje zilizosinyaa ambazo kuku hazimtoshi. Kule Ulaya baridi kali ya majira huua sehemu ya ugonjwa kila mwaka. Kwenye ikweta hakuna majira hayo: ngano ya bonde ikivunwa, ya mlimani bado ni mbichi, na kutu ina nyumba ya kulala mwaka mzima. Ekari 1,200 zile zikapotea.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Delamere hakuwa mnyonge hata siku moja, lakini alichofanya baada ya hapo kilikuwa cha maana. Badala ya kuing'oa ngano na kuisahau, alifungua maabara ya mbegu shambani kwake kwa fedha za mkopo na kumwajiri mtaalamu wa uzalishaji mbegu, Evans, achanganye ngano ya Rieti kutoka Italia na aina za Australia na Misri, akitafuta mmea unaostahimili kutu zote zilizokuwa zikishambulia Njoro. Kazi hii ni ya uvumilivu. Unachavusha ua moja moja, unapanda, unasubiri ugonjwa uje, unatupa karibu kila kitu, unaanza tena. Ilichukua miaka. Mojawapo ya mbegu zilizotoka iliitwa Equator, na wakulima wengine wakaanza kuipanda.

Kufikia 1914 mambo yake yalikuwa yameanza kunyooka. Mwaka huo mkewe Florence alifariki, na vita vikuu vya kwanza vikaanza. Delamere alikwenda mpakani na maskauti wa Kimaasai kuwapeleleza Wajerumani wa upande wa Tanganyika.

Baada ya vita, deni na nusu yake

Vita vilipoisha bei za mazao zilipanda, kisha mwaka 1920 zikaanza kuporomoka. Wakati huo huo serikali ikabadili thamani ya fedha. Rupia iliyokuwa inalingana na shilingi moja na peni nne za Uingereza ikafungwa kwenye shilingi mbili. Kwa mlowezi mwenye deni la rupia, maana yake ni kwamba deni la pauni 2,000 liliamka asubuhi likiwa pauni 3,000, wakati mazao yake yaliuzwa ng'ambo kwa pauni ile ile au pungufu.

Walowezi walitafuta mahali pa kuutua mzigo huo. Mwaka 1921 waliamua kupunguza mishahara ya vibarua Waafrika kwa theluthi moja, na hasira iliyofuata ndiyo iliyompandisha Harry Thuku kuwa msemaji wa wafanyakazi. Mahali pa pili pa kuutua mzigo palikuwa ni bei ya chakula.

Delamere alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1907, na kiongozi wa walowezi kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walidai kwamba nchi inayoweza kulima ngano haina sababu ya kula unga wa kigeni. Mwaka 1922 kamati ya uchumi na fedha chini ya Charles Bowring, ofisa wa ngazi ya juu wa serikali ya koloni, iliunga mkono ushuru wa kulinda mazao ya ndani na nauli nafuu za reli kwa wakulima. Mwaka 1923 ngano na unga wa ngano kutoka nje vikawekewa ushuru wa kulinda wakulima wa ndani.

Hapa ndipo inapofaa kusimama kidogo na kupiga hesabu, maana ndipo penye kiini. Namba zifuatazo ni za mfano tu, si bei za wakati ule.

Tuseme gunia la ngano linauzwa ng'ambo kwa shilingi 8. Meli inadai 2 kulifikisha Mombasa, kwa hiyo bandarini ni 10. Reli inadai 3 hadi Nairobi, kwa hiyo Nairobi ni 13. Mkulima wa Njoro anayelipa shilingi 1 kufika Nairobi anaweza kuuza kwa 13 na kubaki na 12. Mwenye kinu hatampa zaidi, kwa sababu ataagiza la meli. Wala mkulima hana haja ya kukubali pungufu, kwa sababu ngano ya ndani haitoshi na mwenye kinu lazima anunue nyingine bandarini. Sasa serikali inaweka ushuru wa shilingi 3 kwa gunia la kigeni. Gunia la meli linafika Nairobi kwa 16, na mkulima wa Njoro anabaki na 15. Ushuru wote umeingia mfukoni mwake, umetoka mfukoni mwa anayekula mkate.

Hiyo ni sehemu tamu. Bei nzuri ikiendelea, jirani naye analima ngano, na jirani yake pia. Siku inafika ambapo Nairobi, Mombasa na miji mingine imeshiba, na kuna gunia moja limebaki. Litakwenda wapi? Lazima litafute mnunuzi ng'ambo, ambako bei ni 8. Toa 2 za meli, zinabaki 6. Toa 4 za reli kutoka Njoro hadi Mombasa, mwenye gunia anabaki na shilingi 2.

Mkulima mwenye gunia hilo si mjinga. Kabla ya kukubali 2, atakwenda kwa mwenye kinu Nairobi amwambie amlipe 12 tu. Mwingine atasema 9. Mwingine 6. Na mwenye kinu aliyekuwa akilipa 16 kwa kila mtu hatalipa tena 16 kwa yeyote. Gunia moja la ziada linaburuta bei ya magunia yote. Ushuru wa forodha haufanyi kitu hapo, kwa sababu ushuru unazuia kinachoingia, na sasa tatizo ni kinachotakiwa kutoka.

Kwa mahindi au ndizi ziada inaweza kuliwa nyumbani, ikalishwa mifugo, ikatengenezewa pombe. Ngano ya walowezi haikuwa na nafasi kubwa hivyo. Katika Kenya ya miaka ya 1920 walaji wa ngano walikuwa Wazungu, Wahindi na baadhi ya watu wa mjini. Waafrika wengi, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walikula mahindi, mtama, viazi na ndizi, na kwa mishahara waliyolipwa mkate ulikuwa kitu cha kutazama dukani. Soko lilikuwa dogo, na soko dogo hujaa haraka. Mwishoni mwa muongo huo lilikuwa limejaa. Nionavyo, hapa kuna kinaya ambacho Delamere hakukiona au hakutaka kukiona: watu wale wale ambao mishahara yao ilikatwa ndio wangeweza kuwa wanunuzi wa ile ngano iliyokosa pa kwenda.

Kapu moja

Mwaka 1929 ulikuja msukosuko wa uchumi wa dunia. Marekani, Kanada, Australia na Argentina zilikuwa na maghala yaliyojaa. Bei ya ngano katika soko la Chicago, iliyokuwa juu ya dola moja kwa kipimo cha busheli, ilikuwa chini ya nusu dola kufikia 1931. Rudi kwenye hesabu yetu ya mfano: bei ya ng'ambo ikishuka kutoka 8 hadi 4, gunia la ziada la Njoro halilipi hata nauli yake. Na kama hiyo haikutosha, nzige walikuwa wameivamia Kenya tangu 1928.

Jibu la walowezi lilikuwa kuiweka ngano yote katika kapu moja. Sheria ya mauzo ya ngano ya mwaka 1930 ilitaka wakulima wauze kwa pamoja kupitia wakala mmoja, chama cha wakulima cha KFA. Mkulima hakuruhusiwa tena kumfuata mwenye kinu peke yake na kukata bei. Wakala aliuza sehemu ya kutosha soko la ndani kwa bei ya juu inayolindwa na ushuru, akatuma iliyobaki nje kwa bei yoyote iliyopatikana, kisha akachanganya fedha na kumlipa kila mkulima wastani. Katika mfano wetu, magunia 8 ya ndani kwa 15 ni shilingi 120, na magunia 2 ya nje kwa 2 ni shilingi 4. Jumla 124 kwa magunia 10, kila gunia linapata 12 na senti 40. Hasara ya ziada imegawanywa, hakuna anayeangamia.

Kama njia ya kuwaokoa wakulima, ilifanya kazi. Wengi wangefunga mashamba bila hiyo. Lakini fedha zile hazikutoka mbinguni. Fundi wa Kihindi aliyekula chapati Nairobi alilipa bei ya juu katika miaka ambayo ngano duniani ilikuwa rahisi kuliko alivyowahi kuiona. Uganda na Tanganyika zilikuwa katika mpango mmoja wa forodha na Kenya, hivyo mnunuzi wa Kampala au Dar es Salaam naye alilipa unga ghali ili mashamba ya Bonde la Ufa yasimame, na serikali ya Tanganyika ililalamika waziwazi kwamba inapoteza mapato ya ushuru bila kupata faida. Reli nayo ilitoza nauli nafuu kwa mazao ya walowezi na nauli kubwa kwa bidhaa nyingine, hasa zile zilizoagizwa kutoka nje. Mkulima wa pamba wa Uganda, ambaye pengine hakuwahi kuonja mkate, alikuwa anachangia.

Ukimtetea Delamere utasema kila nchi changa hulinda wakulima wake. Hoja hiyo ina uzito, na serikali huru za Afrika zimeitumia mara nyingi tangu wakati huo. Tofauti ni kwamba kapu lake lilikuwa la mazao ya Wazungu wachache, na waliolijaza hawakuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944.

Delamere alifariki Novemba 13, 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha madeni ya benki yanayotajwa kuwa pauni 500,000. Mtu aliyeitwa mfalme wa walowezi, mwenye ekari zaidi ya mia moja elfu, alikufa akiwa anadaiwa, na ngano ikiwa katika bei mbaya kuliko zote alizowahi kuona. Sanamu yake ilisimamishwa katikati ya Nairobi kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 sanamu iliondolewa na kupelekwa Soysambu, na barabara ikawa Kenyatta Avenue.

Kapu lilidumu kuliko sanamu. Baada ya uhuru serikali iliendelea kuwa na bodi ya ngano, ambayo mwaka 1979 iliunganishwa na ile ya mahindi na mazao mengine kuwa NCPB, bodi ambayo wakulima wa leo wanaijua vizuri. Soko lilifunguliwa miaka ya 1990.

Ila mizani sasa imegeuka upande wa pili. Chapati, mandazi na mkate vimekuwa chakula cha kila nyumba, na Kenya inavuna sehemu ndogo tu ya ngano inayokula. Hakuna ziada. Kwa hiyo tumerudi kwenye nusu ya kwanza ya hesabu: bei ya gunia la Narok inafuata bei ya gunia la meli, ikiongezwa nauli na ushuru. Ndiyo sababu vita vya Urusi na Ukraine mwaka 2022 vilipandisha bei ya unga mpaka kwenye vibanda vya vijijini. Na ndiyo sababu mabishano ni juu ya ushuru. Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeweka ushuru wa asilimia 35 kwa ngano ya nje, lakini wenye vinu wa Kenya wamekuwa wakiruhusiwa kulipa asilimia 10 kwa sharti kwamba wanunue kwanza ngano ya wakulima wa ndani. Kila asilimia inayopunguzwa inamfaa mla mkate na kumuumiza mkulima, na kinyume chake. Mkulima akijua hivyo, atajua pia kwa nini ni vizuri kuuliza bei ya Mombasa kwa simu kabla ya kumkubalia dalali aliyesimama getini.

Jambo moja zaidi. Ngano imewafuata Wamaasai. Narok, kule kusini walikosukumwa mwaka 1911, sasa ni miongoni mwa maeneo makubwa ya ngano nchini, mengi yakiwa mashamba ya kukodishwa.

Na kutu haijaondoka. Kituo cha serikali cha uzalishaji mbegu kilifunguliwa Njoro mwaka 1927, si mbali na mahali zilipokufa ekari zile 1,200. Mbegu za Kenya zinazostahimili kutu zilisafiri hadi Mexico, ambako Norman Borlaug alizichanganya na ngano nyingine na kupata aina kama Kentana, jina linaloanza na herufi za Kenya. Kisha mwaka 1998 kutu mpya ya shina ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99, na ikavunja kinga za aina nyingi za ngano zilizotegemewa duniani. Ilipofika Kenya, watafiti wa nchi nyingi walikubaliana kwamba mahali pazuri pa kuijaribu ngano yao ni pale ambapo ugonjwa haulali. Kila msimu maelfu ya aina za ngano kutoka mabara mbalimbali hupandwa Njoro, na katikati yake hupandwa mistari ya ngano dhaifu kwa makusudi ili kutu isambae. Watafiti hupita na madaftari wakiandika ipi imebaki ya kijani na ipi imegeuka rangi ya chungwa.